Mto Umesimama

Mjomba wangu alizaliwa Mafia, kisiwa kisicho na mto wa kutajika. Mto aliujua kwa tope lake: masika ikikolea bara, maji ya Rufiji hutoka kwenye delta na kuipaka bahari rangi ya chai ya maziwa, na mvuvi aliye kwenye ngalawa huona rangi mbili zikikutana bila kuchanganyika. Miaka ya 1970 alipata nafasi ya kusoma Leningrad, mji ambao siku hizi umerudia jina lake la St. Petersburg. Asubuhi moja ya Desemba akatoka bwenini, kwenye kisiwa cha Vasilyevsky, akakuta watu wanatembea juu ya mto Neva. Mama mmoja alikuwa anamburuta mtoto juu ya kigari kisicho na magurudumu, katikati kabisa, pale ambapo wiki chache nyuma palikuwa na maji meusi yanayokwenda mbio. Mwenzake wa chumbani akaona alivyoduwaa, akamwambia maneno mawili tu: reka stala.

"Mto umesimama," alinitafsiria miaka mingi baadaye, tumekaa barazani kwake, huku akigonga kisigino sakafuni kunionyesha alivyoijaribu ile barafu kwa mguu mmoja kabla ya kuuhatarisha wa pili. "Hawasemi umeganda, mjomba. Wanasema umesimama. Kama mtu aliyekuwa na safari zake."

Kwa muda mrefu reka kwangu lilikuwa neno la Kirusi lenye maana ya mto, basi. Nilipoanza kusoma isimu ndipo nilipoona kwamba nyuma yake kuna neno jingine ambalo hakuna mtu aliyeliandika, na nyuma ya hilo kuna mzizi wa zamani zaidi, na mzizi huo haukuwa na habari ya ukingo, wala kina, wala hata maji. Ulikuwa unataja mwendo. Yule kijana wa Leningrad aliposema mto umesimama, alikuwa ameweka ndani ya maneno mawili kitu kitibukacho na kusimama kwake, naye hakusikia ajabu yoyote. Tangu hapo sijaacha kulifikiria neno hilo.

Neno lile la nyuma ya reka wanaisimu huliandika hivi: *rěka. Kile kinyota cha mwanzo ndicho ninachokipenda kuliko herufi zinazofuata. Aliyekifanya kiwe desturi ni August Schleicher, Mjerumani aliyefundisha Prague na baadaye Jena, katika kitabu chake kikubwa cha sarufi linganishi kilichotoka 1861 na 1862. Kinyota humwambia msomaji: neno hili hatukulikuta mahali popote limeandikwa, tumelifikia kwa hoja, na wewe una haki ya kuzikagua hoja hizo moja baada ya nyingine. Sijui taaluma nyingi zinazokiri hivyo mbele ya kila neno, bila kuchoka, miaka zaidi ya 150.

Na ukiri huo una sababu. Waslavi wanatajwa na waandishi wa Kigiriki na Kilatini katika karne ya 6, wakiwa kaskazini ya mto Danube, lakini waandishi hao waliandika habari za mapigano na mipaka, hawakuandika lugha. Ilipofika 863 ndipo ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Constantine, ambaye baadaye aliitwa Cyril, na Methodius, walipotumwa Moravia na alfabeti mpya ya kuandikia lugha ya Waslavi. Hata hizo hati za mwanzo kabisa hatunazo. Tulizo nazo ni nakala za baadaye. Injili ya Ostromir, iliyonakiliwa 1056 na 1057, imehifadhiwa kwenye maktaba ya taifa katika mji uleule wa mjomba. Lakini wakati huo lugha mame ya Waslavi, iliyozaa Kirusi na nduguze, ilikuwa imekwisha kupasuka vipande. Watu waliosema *rěka kwa midomo yao walikuwa wamekufa zamani.

Basi tunalijuaje? Mtu asiyezoea mambo haya hudhani tunakusanya maneno yanayofanana kisha tunatafuta wastani wake. Kufanana ndiko kunakopotosha. Kiingereza kinasema river, na anayelisikia kando ya reka hushawishika kuyafanya ndugu. Hayahusiani. Neno la Kiingereza lilipita Ufaransa likitokea kwenye Kilatini ripa, yaani ukingo wa mto; Mfaransa wa kale alikuwa anaitazama nchi kavu iliyo kandokando. Hata ndani ya lugha yetu masikio hutudanganya. Mto wa maji na mto wa kulalia ni sauti ileile, ngeli ileile, wingi uleule, na mtoto mwenye akili atakwambia kwamba mto wa kulalia umeitwa hivyo kwa kuwa usingizi humchukua mtu kama maji. Ni maelezo mazuri sana, na ndiyo maana nawaogopa watoto wa namna hiyo waliokua wakawa waandishi wa vitabu.

Kinachothibitisha udugu ni tofauti, ile inayorudi mahali palepale kila unapoigusa. Chukua neno la theluji. Mtu wa Belgrade husema sneg, wa Sarajevo husema snijeg, na mzee wa kijiji cha pwani ya Dalmatia husema snig. Maziwa: mleko, mlijeko, mliko. Mtoto mdogo: dete, dijete, dite. Sasa mto: reka, rijeka, rika. Hakuna aliyekaa akawapangia. Kila mmoja anatamka kama alivyomsikia mama yake, na kwa kufanya hivyo kila mmoja ametunza ushahidi asioujua kwamba anao. Msomaji wa tenzi za kale za Lamu hahitaji kufundishwa jambo hili. Pale Mwunguja anaposema macho, yeye hukuta mato. Njia ni ndia, njaa ni ndaa. Moja ni moya, jana ni yana. Ukishazikuta mara ya tatu, huzihesabu tena kama makosa ya mwandikaji, umeona sheria. Kwa njia hiyohiyo mwanaisimu Carl Meinhof alitoa mwaka 1899 kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu, akitumia mbinu ambazo wenzake walizinoa kwa lugha za Ulaya na India, na amazi ya Kinyarwanda, amanzi ya Kizulu na maji yetu yakapata kuketi jamvi moja.

Kule kwa Waslavi, sauti iliyosababisha utatu ule wa reka, rijeka na rika ilikuwa na herufi yake, ѣ, inayoitwa yat. Katika maandishi ya wanaisimu ndiyo ile e yenye kikofia kilichopinduliwa. Warusi waliendelea kuiandika muda mrefu baada ya kuacha kuitamka tofauti na e ya kawaida, na watoto wa shule walikaririshwa orodha ndefu za maneno yanayoidai, reka likiwemo, hadi mageuzi ya tahajia ya 1918 yalipoifuta. Najua ilikuwa adha kwa watoto. Lakini kila nikiona neno hilo limechapwa kwa tahajia ya zamani, ule msalaba mdogo ukiwa umechomoza juu ya mstari, nahisi kama nimeona kovu lililobaki mahali pake.

Kovu la nini? Hapa inabidi niende polepole, maana hapa ndipo penye utamu wote.

Kirusi kina kitenzi cha kuimba. Kuimba ni pet. Naimba ni poyu. Mjomba alikuwa akilalamika kwamba kitenzi hiki kilimtesa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu hakuona jinsi e ya pet inavyogeuka ikawa oy ya poyu. Haikugeuka. Mambo yalikwenda kinyume. Zamani kulikuwa na shina moja lenye irabu mbili zilizoshikana, oi. Palipofuatwa na irabu nyingine, ile i ilisimama kama y na shina likabaki salama: poy-u. Palipofuatwa na konsonanti, zile irabu mbili zilibanwa zikayeyuka kuwa sauti moja, ndiyo yat, na leo tunasikia pet. Kitenzi kimoja kimebeba hali mbili za sauti moja, kabla na baada ya ajali.

Sasa rudi kwenye *rěka. Baada ya ě kuna k, konsonanti. Tukiuliza kama irabu hii nayo ni oi iliyobanwa, tutafute ndugu yake ambaye baada yake palifuata irabu, tuone kama ile oy imesalimika. Ndugu huyo yupo, na hakai karibu na maji hata kidogo. Ni roy. Wapolandi humwita rój, Waserbia roj. Maana yake ni bumba la nyuki.

Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza, niliacha kitabu nikaenda kusimama dirishani. Nimewahi kuona nyuki wakihama mzinga. Wanatoka tundu dogo kwa wingi usioeleweka, kwanza kama kitu kinachomiminika, halafu hewa yote inakuwa inazunguka, na huwezi kumtazama nyuki mmoja kwa sababu jicho linachukuliwa na mwendo wa wote. Mtu wa zamani aliyelitumia shina moja kwa nyuki na kwa mto alikuwa ameona vizuri. Wanaisimu wanaochimba chini zaidi, hadi kwenye lugha iliyozizaa lugha nyingi za Ulaya na India, huutafsiri mzizi huo kwa kutibuka, kufoka, kuzunguka kwa nguvu. Huko India, Kisanskriti kina riṇāti, huyaachia yatiririke. Kilatini kina rivus, kijito. Mto Rhine una jina walilolitumia Wakelti, la ukoo huohuo. Zote hizi ni ndugu za *rěka, na ukiziweka mezani pamoja hazifanani kitu, isipokuwa ile r ya mbele.

Na neno linalofanana? Kiserbia kinalo, na linakaa karibu na reka kwenye kamusi: reč, neno la kinywani. Mto na usemi, reka na reč! Hata yat walikuwa nayo wote wawili. Ni vigumu kukataa ndoa kama hiyo, hasa kwa anayeandika mashairi. Lakini yat ya reč ilitoka mlango mwingine, kwenye ē ndefu, na ukoo wake ni kitenzi reći, kusema. Hamna ndani yake ndugu mwenye oy. Maneno hayo mawili yalikutana njiani yakawa yamevaa nguo za aina moja. Nayaacha yakae jirani, bila kuyaoza.

Kwenye kisiwa cha Vasilyevsky mjomba aliishi ndani ya udugu mwingine wa maneno, na huu ulikuwa wa kweli. Kisiwa kwa Kirusi ni ostrov. Kulikuwa na mzizi mwingine wa kutiririka, ulioanza na sr-, na Waslavi hawakupenda kutamka s na r zikigusana, wakapachika t katikati. Ndiyo maana mkondo mwembamba wa maji ni struya. Ostrov ni kiambishi chenye maana ya kuzunguka kikiwa kimeunganishwa na shina hilohilo: kinachozungukwa na mkondo. Mtoto wa Mafia, aliyezaliwa pamezungukwa na bahari, alivuka dunia akaenda kulala kwenye neno linalosema hivyohivyo. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kweli, kutoka bwenini huwezi kwenda popote bila kuvuka daraja.

Maji ya Neva yanatoka ziwa Ladoga, na ziwa Ladoga linapokea mto Volkhov unaotoka kusini, na kwenye Volkhov ndipo ulipo mji wa Novgorod. Katika tope la Novgorod, zito, lenye unyevu, lisilopitisha hewa, magome ya mti wa bechi hayaozi. Tarehe 26 Julai 1951 wachimbaji walitoa gome la kwanza lenye maandishi yaliyokwaruzwa kwa kijiti chenye ncha. Leo yamepatikana zaidi ya 1,000: madeni, maagizo kwa mke, mtoto anayejifunza herufi. Walioyaandika hawakuwa wanaandika kwa ajili ya kanisa wala mfalme, kwa hiyo waliandika walivyosema.

Na walisema tofauti. Karibu Waslavi wote waliigeuza k ilipokutana na yat iliyotokana na oi, ikawa ts. Mpolandi hadi leo ana rzeka, mto, lakini kwenye mto atasema rzece. Kwa Kikroatia ni rijeka, kisha rijeci. Hili nalo halitushangazi sisi tunaopika tukaitwa wapishi, tunaoandika tukaitwa waandishi. Tunajua k huyumba ikisukumwa na irabu ya mbele. Novgorod haikuyumba. Andrey Zaliznyak, aliyeyasoma magome hayo kwa miongo, alionyesha kwamba mahali ambapo wengine wote waliandika ts, watu hawa waliandika k, na kwamba haikuwa kutojua kuandika. Badiliko lile halikuwafikia kamwe. Wataalamu waliotangulia walikuwa wameyasahihisha maandishi hayo kimoyomoyo, wakidhani ni ya watu wasiosoma. Ilibidi aje mtu wa kuwaamini. Hapo ndipo ninapomheshimu sana Zaliznyak, kuliko hata kwa kamusi yake mashuhuri ya sarufi ya Kirusi: alichukua kosa la mtu aliyekufa miaka 900 iliyopita, akamwuliza kwa adabu kama kweli ni kosa.

Kuna mji unaoitwa Mto. Uko kwenye bahari ya Adriatiki, mahali ambapo Rječina, kimto kisichofika kilomita 20, kinatoka kwenye miamba ya chokaa na kuingia baharini. Wakroatia wanauita Rijeka. Waitaliano wanauita Fiume, na maana yake ni hiyohiyo. Kwa majina, hawakuwa na ugomvi wowote. Septemba 1919 mshairi Gabriele D'Annunzio aliingia mjini na askari waasi akautwaa kwa jina la Italia, akakaa zaidi ya mwaka mmoja hadi jeshi la Italia lenyewe lilipomtoa. Mwaka 1924 mji ukapewa Italia rasmi, na mpaka ukawekwa kwenye Rječina: huku Fiume, ng'ambo Sušak, nchi nyingine. Watu wa ng'ambo hizo mbili walionyesha vyeti darajani ili kuvuka maji ambayo ungeweza kuyarushia jiwe likafika. Mkataba wa 1947 ukauhamishia mji Yugoslavia, na Waitaliano wengi wakafunga mizigo wakaondoka.

Warumi walikuwa na neno kwa majirani wa aina hiyo. Kutoka rivus, yule kijito aliye ndugu wa *rěka, walitunga rivalis: anayechota maji kwenye kijito kimoja na mwenzake. Baadaye likawa mshindani, hasimu, na ndilo lililosambaa Ulaya yote kwa maana hiyo. Kutoka rivus hiyohiyo walipata derivare, kuyachepusha maji ya kijito yaende shambani, na wanaisimu wa Ulaya walipotaka kueleza jinsi neno linavyotoka ndani ya neno, walichukua kitenzi hicho cha wakulima. Sisi kwa kazi hiyo tunasema chimbuko, neno lenye harufu ya jembe. Wao waliona mfereji. Kwa hiyo kila mwanaisimu wa kwao anapouliza *rěka limetokana na nini, ndani ya swali lake kuna binamu wa jibu, na amekuwemo muda wote.

Nilimwuliza mjomba kama alikaa Leningrad hadi mto ukaachia. Alikaa. Alisema barafu ya Neva huondoka Aprili, watu wakisimama kwenye kuta za mto na kwenye madaraja kuitazama, kisha maji yanakuwa meupe, matulivu, na mgeni hudhani imekwisha. Baada ya siku kadhaa inakuja barafu ya Ladoga. Hiyo ni kubwa zaidi, imesafiri, na hewa ya mji mzima inarudi kuwa baridi. Nikamwuliza ilikuwaje kuitazama. Alianza sentensi ya Kiswahili akaiacha, akaanza ya Kirusi akaiacha nayo. Halafu akaweka kikombe chini, akainua mikono miwili mbele ya kifua, akaizungusha mmoja juu ya mwingine, upesi, upesi zaidi, viganja vikigongana na kuachana, na akaendelea hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.